Muzee aachiwe namba yake ya siri

Siku ya mushahara, mbele ya kabine moja ya kutoa franga pembeni ya soko, tulikuwa mu mustari nyuma ya muzee mumoja aliyekuja na mujukuu wake. Muzee alifanya kazi mu shimo miaka mingi. Leo macho yake hayaoni tena. Mutoto wake aliye Kolwezi alimutumia franga kidogo juu ya unga na dawa. Mama wa kabine akashika telefoni ya muzee, akabonyeza, kisha akauliza kwa sauti: « Papa, kode? » Muzee akajibu namba zake ine, moja moja, pole pole, ili mama asikosee. Watu saba tulizisikia. Mujukuu alizisikia. Vijana wawili wa moto waliosimama pale wakingoja mutu wa kubeba, nao walizisikia.

Hakuna mutu aliyeshangaa. Hilo njo lilitusukuma kuandika leo. Kama mwenye macho angefanya vile, mustari wote ungemupigia kelele: « Papa, usiseme kode mbele ya batu! » Kwa kipofu tunaona ni jambo la kila siku. Tumezoea kwamba mutu asiyeona hana siri.

Tulimusindikiza muzee mpaka ku avenyi yake. Njiani alituelezea kwamba mwaka uliopita franga zake zilitoka mara mbili pasipo yeye kujua. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alimushitaki mukamwana wake, juu njo yeye aliyekuwa akimusaidia kushika telefoni. Maneno yakawa makali. Mukamwana akafunga vitu vyake, akakamata watoto, akarudi kwao miezi miwili. Mpaka leo muzee hajui nani alichukua zile franga. « Labda nilimuonea, » akasema. « Labda hapana. Minajua namna gani? »

Musifikiri basi kwamba tunazungumza juu ya vyombo vya watu wa Ulaya. Tunazungumza juu ya amani ya nyumba.

Ile telefoni ya muzee ni ya kugusa kioo, ya aina ya Android, ya bei ndogo. Mutoto wake alimununulia juu ya kuona sura zao, kumbe yeye haone sura. Lakini ndani ya telefoni zile kuko programu inayoitwa TalkBack. Haiuzwe. Ilianza mwaka 2009, na mu telefoni nyingi za aina ile imo tayari siku munazitoa mu karto. Wenye iPhone wako na VoiceOver, nayo ilifika ku iPhone mwaka ule ule. Kazi yake ni kusoma kwa sauti kile kilicho ku kioo. Unapitisha kidole, inakuambia umefika wapi: « Messages », « Contacts », jina la mutoto wako. Ukigonga mara mbili, inafungua. Ukitaka kushuka chini, unasukuma kwa vidole viwili. Kwa kuiamsha, munaingia mu « Paramètres », munatafuta « Accessibilité », kisha « TalkBack », munawasha. Ku telefoni nyingi kuko njia ya kukata: kushikilia pamoja vile vitufe viwili vya sauti, cha kupandisha na cha kushusha, muda wa sekonde tatu hivi.

Hapa tunapenda kuwaonya, na tunacheka kidogo tukiandika. Kijana mumoja wa ofisi yetu aliiwasha siku moja pasipo kujua. Telefoni ikaanza kusema yenyewe, na akigusa mara moja haifungui kitu. Akajua imeingia virusi, au imeingia kitu kibaya zaidi cha kijijini. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaomba franga, akaizima kwa dakika moja. Tunajiuliza ni wangapi waliolipa namna ile kwa kuzima macho ya mutu mwengine. Njo maana, mukiiwasha ku telefoni ya baba, mukae naye. Siku ya kwanza atakasirika. Ya pili atapotea mu kioo na kuita watu. Mutoto wa kalasi ya sita anaweza kumufundisha kwa wiki moja, kama ana uvumilivu, na kama hamumutume kila mara kuchota maji.

Sauti yenyewe mara nyingi inakuja mu Kifransa, na wazee wetu wengi hawakusoma Kifransa zaidi ya kile cha kazi. Kuko programu moja ya sauti, eSpeak NG, inayosoma Kiswahili pia, tena bure. Tuseme ukweli: sauti yake ni ya chuma, na inatamka sawa mutu wa mbali, si sawa mutu wa Likasi. Lakini sikio linazoea. Na akiweka ekuta ku sikio moja, hakuna wa pembeni atakayesikia barua yake. Sikio moja, hatusemi yote mawili. Mu barabara kipofu anaona kwa masikio. Mukimufunga yote mumemufunga macho mara ya pili.

Kunabaki shida ya ile menyi ya nyota na diyezi, ile tunayotumia wote kwa kutuma na kutoa franga. Inakuja ndefu, sauti inasoma mustari kwa mustari, na mbele ya kufika ku mustari wa mwisho laini inakatika. Muzee anaanza tena, inakatika tena. Mara ya tatu anamupa mutu telefoni na kumutajia kode. Kampuni za telefoni ziko na wahandisi wa kuongeza muda ule. Ziko pia na uwezo wa kuweka namba ya kupiga ambayo inasema salio kwa sauti, kwa Kiswahili. Tunaziomba zifanye hivyo, na hatuombi zawadi: kipofu naye analipa kila mara franga zake zinapopita.

Na mama wa kabine? Hana lazima ya kujua kode ya mutu hata mara moja. Kazi yake inaisha ku namba ya kabine na kiasi cha franga. Pale telefoni inapouliza kode, airudishe mu mukono wa mwenyewe, ageuze sura. Hata ile telefoni ndogo ya kubonyeza, ambayo wengi wanaidharau, iko na kidoti kidogo kilichoinuka ku namba tano. Pitisheni kidole, mutakisikia. Kutoka ku tano, mutu anajua moja iko wapi na tisa iko wapi. Muzee wetu, tulipomuwekea kidole chake pale, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: « Hii yote miaka, ilikuwa hapa? »

Kuna watu wanaosema vitu hivi ni vigumu kwa mutu asiyeona, kwamba akili yake haiwezi tena. Wachimbaji wa chini ya udongo, wale wa Kipushi na wale wa Kamoto, hawawezi kusema hivyo pasipo kujikana wenyewe. Mutu wa shimo anasoma dari kwa sikio. Anakamata baramina, anagonga jiwe juu ya kichwa chake: jiwe zima linalia wazi, jiwe lililoachana linalia bubu, sawa ngoma. Hakuna jicho linaloona ule ufa. Mukono na sikio njo vinavyoambia timu kurudi nyuma. Na taa ikizimika, mukubwa wa kazi aliyezoea anajua njia kwa upepo unaomupiga ku shavu na kwa mukono ku ukuta. Yule mutu akitoka kazini na macho yake yakafa, ile akili haikufa naye. Tunamukalisha ku kiti chini ya muembe, tunamuletea bukari, tunamuambia: « Papa, usisumbuke, ikala. » Miaka kumi anakaa pale.

Fimbo nyeupe ni ndugu ya baramina. Inagonga, inasikiliza. Mu Ufaransa mama mumoja wa Paris, Guilly d'Herbemont, njo aliyeileta mu barabara mwaka 1931, kwa kuwa aliona ginsi magari yalivyowaponea chupuchupu watu wasioona. Weupe wake ni kwa dereva, ili ajue mbele mutu huyu hamuoni. Urefu wake ni kwa mwenyewe: ikisimama chini inamufikia ku kifua, ili aguse shimo hatua mbili mbele ya kuingia. Anaipitisha kushoto mguu wa kuume ukienda, kuume mguu wa kushoto ukienda. Ile fimbo ya muti ambayo wazee wetu wanatembea nayo, fupi, nzito, inasaidia kusimama, haifikishe habari. Mu kambi zetu kuko mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza milango, viti na mbabula. Bomba jepesi la aluminiyumu, rangi nyeupe, kipande cha plastiki ngumu ku ncha: hiyo si kazi ya siku nzima.

Lakini fimbo nzuri mu barabara mbaya ni taabu. Tutembee pamoja nusu saa, munafunga macho. Mutaro uliochimbwa juu ya kebo au bomba la maji, haukurudishwa udongo. Kifuniko cha chuma kiliibwa, kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani, shimo likabaki wazi mu njia ya masomo. Meza za biashara zilizokula njia yote ya miguu, mpaka mutu anashuka mu njia ya magari. Hayo hata sisi wenye macho tunayajua, tunayaruka na kulalamika. Kuko moja ambalo hatukulijua mpaka tulielezwa: kamiyo. Kamiyo kubwa za kubeba shaba na kobalti zinasimama pembeni ya barabara, mukia wake unatoka juu ya njia. Fimbo inapita chini, haigusi kitu, inamuambia mwenyewe njia ni wazi. Chuma kinamungoja ku paji la uso. Muzee wetu ana alama mbili pale, na alidhani watu wanajua zimetoka wapi. Dereva anaweza kusimamisha kamiyo yake mbali kidogo. Akikosa mahali, aweke kitu chini ya mukia ule, gurudumu la zamani ao kasha tupu, fimbo ikigusa mutu azunguke.

Kwa kumusaidia mutu mu barabara, tunakosea kila siku na nia njema. Tunamukamata mukono, tunamuvuta, ao tunamusukuma mbele yetu sawa toroli. Mumuulize kwanza. Akikubali, mumupe kiwiko chenu. Yeye njo anawashika, anatembea nyuma nusu hatua, na mwili wenu unamuambia kila kitu: mukishuka, anajua kuko ngazi. Na musiseme « pale, pale ». Pale ni wapi? Museme: mutaro, mukono wa kushoto, hatua tatu.

Ku nyumba ni mama wanaojua zaidi yetu. Tunajua mama mumoja asiyeona anayepika mwenyewe kila siku. Mbabula yake inakaa kona moja, haihame, na mutoto anayeihamisha anapata maneno. Kopo ya chumvi ina mupira mumoja, ya sukari miwili. Dawa ya asubuhi inafungwa kamba, ya mangaribi haifungwe. Chakula anapewa kwa saa: bukari ku saa sita, sombe ku saa tatu, samaki ku saa kumi na mbili ya chini, maana anafikiri sahani sawa uso wa saa ya ukuta. Mugeni anayekuja na kusukuma kiti bila kukirudisha anavunja kazi yake yote. Hakuna ufundi mukubwa hapa na hakuna franga. Kuko tu heshima ya kurudisha kitu mahali pake.

Sasa franga za karatasi. Franga zetu za Kongo zikichakaa, kidole hakijue tena mia tano na elfu moja. Wanaojua wanazikunja tofauti, hii mara moja, ile mara mbili, ile ingine haikunjwe. Mutu wa kuaminiwa anazipanga asubuhi, na mchana mwenyewe analipa. Dola njo mateso. Sisi watu wa shaba tunalipwa na kununua kwa dola, na dola moja na dola mia moja ziko na ukubwa ule ule, hakuna kidole kinachoweza kuzitenga. Si sisi peke yetu tuliolalamika. Mu Marekani kwenyewe vipofu walipeleka serikali yao mu tribunali juu ya jambo hili, na mwaka 2008 majaji wa Washington wakasema vipofu wana haki. Euro zilifanywa kila moja na ukubwa wake. Na hapa kwetu kuko taabu ya juu ya taabu: dola iliyopasuka kidogo inakataliwa soko nzima. Mwenye macho anaikataa palepale. Kipofu anapewa ile iliyokataliwa na watu kumi, anaiweka mu mufuko, na siku ya kununua unga anaambiwa haifae. Anayefanya vile anajua anachofanya. Hatuna neno la kumupambia.

Turudi nyuma kidogo, juu ya watoto. Mwaka 1809, mu kijiji cha Coupvray karibu na Paris, alizaliwa mutoto wa fundi wa ngozi za farasi, jina Louis Braille. Alipokuwa na miaka mitatu alicheza mu karakana ya baba yake na chombo chenye ncha cha kutoboa ngozi. Kikamuingia mu jicho. Ugonjwa ukapita mpaka ku jicho la pili, akawa kipofu wa yote mawili. Kazi ya baba njo ilimutoa macho. Akiwa kijana wa miaka kumi na tano alitengeneza maandiko ya vidoti sita vya kusoma kwa kidole, na aliyachapa mwaka 1829. Kwa kuyaandika mutu anatoboa karatasi nzito kwa chombo chenye ncha, kinachofanana na kile kilichomuumiza. Tangu 2019 siku yake ya kuzaliwa, tarehe 4 Januari, inakumbukwa na Umoja wa Mataifa.

Tunaitaja habari hii kwa sababu karakana ile ya Coupvray iko mu kila kambi yetu. Watoto wanakaa karibu na anayechomelea, wanatazama ule moto bila kitu ku macho. Vipande vya mawe vinaruka pale mawe yanapovunjwa kwa nyundo. Chokaa na asidi za lizini zinarudi nyumbani mu chupa zisizo na jina, ati kwa kusafisha choo. Mukipata asidi ao chokaa mu jicho, maji safi, mengi, palepale, dakika ishirini mbele ya kutafuta gari. Jicho halingoje munganga. Na kitu kingine: si kila mutu mwenye jicho jeupe ni kipofu wa milele. Mutoto wa jicho, ile waganga wanayoita kataraki, unatolewa kwa operasio fupi na mutu anaona tena. Tunawajua watu waliokaa chini ya muembe miaka kwa ugonjwa wenye dawa, juu familia ilisema ni uzee, ao ni mutu wa kijiji aliwaroga. Wapelekwe kwanza ku lopitalo. TalkBack itawangojea.

Kampuni nazo. Hatutaje moja. Zinanunua miwani ya kazi, kasike na viatu, na zinafanya vizuri. Lakini siku jicho linapopotea, kazi inaishia ku karatasi moja na franga za mwisho. Mutu wa miaka thelathini na tano, watoto watano mu masomo. Anaulizwa kusaini karatasi ambayo hawezi kuisoma, na anayemusomea ni yule anayemutuma nyumbani! Hatuwezi kuita hiyo sahihi. Kwanza, karatasi ile itumwe pia ku telefoni yake mu maandiko, telefoni imusomee, alale nayo siku mbili, aulize sindika. Pili, kuko kazi. Kupokea telefoni ya dharura ya shimo usiku ni kazi ya sikio. Kufundisha vijana wapya usalama, nani atakayesikilizwa kuliko yeye? Kuko kompyuta inayosoma kwa sauti: programu NVDA, ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 Australia na vijana wawili, na wote wawili ni vipofu. Waliandika programu wakiwa hawaone kioo. Kampuni inayochimba kobalti ya telefoni za dunia nzima haiwezi kutuambia kwamba telefoni haina kazi kwa mutu wake.

Sheria iko. Katiba ya 2006, ku kifungu cha 49, inampa mutu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayomufaa. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria yetu wenyewe ya kulinda na kuendeleza haki zao. Bourgmestre anayetia saini ya kuchimba barabara, aandike palepale siku ya kufunga mutaro na jina la atakayeufunga. Sheria kubwa zinashukia mu vitu vidogo sawa hivyo, ao hazishuke kabisa.

Na sisi wenyewe wa gazeti? Muzee, kabla hatujaachana, alituuliza kama ni sisi wa ukurasa wa Kiswahili. Tukafurahi. Akasema mujukuu anamusomea kila mara, lakini mutoto anaruka mistari, juu herufi ni ndogo na anataka kwenda kucheza. Tukamuambia kwa majivuno kwamba tunautuma pia ku WhatsApp. Tukaufungua ku telefoni yake, TalkBack ikiwa imewashwa. Sauti ikasema neno moja: « Image. » Ni kweli: tunatuma picha ya ukurasa, na picha ile telefoni yake haikuweza kuisoma. Miaka yote tumekuwa tunawatumia vipofu karatasi bubu, sawa wanaotuma matangazo ya kazi yaliyopigwa picha na muhuri juu yake. Kuanzia wiki hii ukurasa huu utatumwa mu maandiko, si picha, na mu gazeti lenyewe herufi zimeongezwa ukubwa, mumekwisha kuona.

Tunawaomba kitu kimoja. Kila anayejua mutaro uliobaki wazi, shimo lisilo na kifuniko, ao mahali kamiyo zinapolala juu ya njia ya miguu, atuletee jina la avenyi na namba ya nyumba iliyo karibu. Asiyeandika aje aseme ku mulango wa ofisi, mutu atamuandikia. Orodha tutaichapa kila Posho, na tutaweka pembeni tarehe ya siku tuliyoichapa mara ya kwanza. Ya kwanza tunayo tayari: ni ile iliyo mbele ya nyumba ya muzee. Mukamwana wake njo aliyetuletea.